Diski Itafutwa

Mafundi wa Kariakoo hawasemi kusakinisha. Wanasema kupiga. "Acha mashine hapa, nakupigia Windows, upitie jioni." Neno hilo nalipenda kwa sababu halifichi kitu: diski inapigwa, na kilichokuwemo hakipo tena. Mimi nami nimeandika programu ya kupiga, na kosa langu kubwa kuliko yote lilitokana na kuacha kuongea kama fundi, nikaanza kuongea kama mtu aliyemeza kamusi.

Programu yenyewe si kubwa. Ni skripti ya sheli, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazifuata moja moja, mistari elfu na ushee, inakaa kwenye flashi pamoja na Debian, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux, ambayo tayari imewekewa vitu vya maabara ya shule: LibreOffice ya kuandikia, GeoGebra ya hisabati, Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili isiyohitaji intaneti. Unachomeka flashi, unawasha kompyuta, unajibu maswali machache, unasubiri. Kompyuta zenyewe ni mitumba, zimeshastaafu kwenye maofisi ya watu huko Ulaya, kumbukumbu ya kazi (RAM) giga 2, nyingine giga 1, zikaletwa kwenye shule za kata ambako hufunikwa vitambaa vya kufuma kama kochi la sebuleni.

Kila kijana anayeiona huniuliza swali lilelile: mbona haina picha? Kioo cha bluu, boksi la kijivu, mstari mmoja mwekundu, unasogea kwa mishale. Mmoja aliniambia inafanana na mashine ya kukata tiketi.

Sababu mbili ni za kifundi na sitazikalia. Kadi za picha za mashine hizo kila moja ina wazimu wake. Nimeona kompyuta inayowaka vizuri mpaka pale picha zinapoanza, kisha kioo kinakuwa cheusi na mwalimu anabaki akitazama sura yake mwenyewe. Na RAM ni ndogo, kila megabaiti unayoipa picha unainyang'anya kazi. Sababu ya tatu ndiyo iliyonishika: simu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimeshawasha. Limekuja boksi."

"Nisomee mstari wa juu kabisa."

"Umeandikwa, chagua diski."

"Chini yake kuna mistari mingapi?"

"Miwili. Wa juu ndio mwekundu."

"Bonyeza mshale wa chini mara moja. Enter usiiguse kwanza."

Kisakinishi cha maandishi mtu anaweza kukusomea, nawe ukamjibu. Hakuna "ile alama ya gia, hapana, siyo hiyo, ya pembeni yake". Mwalimu yuko Kilosa, mimi niko ndani ya daladala Mbezi, na tunaona kitu kimoja. Ila ubishi unaanzia hapo hapo. Ukiondoa picha, ukaondoa alama, ukaondoa kipanya, kinachobaki ni maneno matupu. Neno likikosewa, hakuna kitu kingine kwenye kioo cha kulisahihisha.

Kabla sijaandika mstari wa kwanza nilikaa na visakinishi vya watu wengine, nikavipiga kwenye mashine moja mbovu mara nyingi mpaka nikavijua kama njia ya nyumbani. Kilichonifundisha zaidi ni cha OpenBSD, mfumo endeshi mwingine wa bure. Hakina hata maboksi. Ni skripti ya sheli inayouliza swali kwa mstari mmoja, inaweka jibu inalolipendekeza ndani ya mabano ya mraba, na ukibonyeza Enter inalichukua. Inapokuuliza diski, unaweza kuandika alama ya kuuliza ikakueleza diski zilizopo kabla hujajibu. Unaweza pia kuchomoka katikati ya maswali ukaingia kwenye sheli, mahali pa kuandika amri mwenyewe, ukakagua jambo, ukarudi. Kwa kuwa hakichori kitu chochote, kinafanya kazi hata kwenye seva isiyo na kioo, iliyounganishwa kwa waya wa siriali. Mwishoni kinakupongeza kwa herufi kubwa. Nilipenda ile pongezi, nikaiiba. Nitairudia.

Cha Debian ni ndugu mwingine kabisa. Hiki tunachokijua leo kilitoka rasmi na toleo la 3.1, lile la Sarge, Juni 2005. Kabla yake kulikuwa na kingine, boot-floppies, yaani disketi za kuwashia, na jina lake tu linakueleza umri. Werevu wa hiki kipya uko mahali ambapo mtumiaji haoni: swali limetenganishwa na namna ya kulionyesha. Swali linaishi peke yake, lina jina, lina jibu la kuanzia, lina uzito wa ngazi nne kuanzia wa chini hadi wa lazima kabisa, na kwa kawaida unaulizwa yale mazito tu. Ndiyo maana toleo la picha lilipokuja na Debian 4.0 mwaka 2007 halikuleta maswali mapya. Watu hudhani ni visakinishi viwili. Ni kilekile, kimevaa shati. Na pale pa mwisho, kabla hakijaandika chochote kwenye diski, kinakuorodheshea kitakachobadilika, kinakuuliza kama kiandike, na jibu lililotangulizwa ni hapana.

Nikajifunza yote hayo, nikakaa chini, nikaandika kisakinishi chenye maswali kumi na manne.

Sijui nilikuwa nafikiria nini. Nadhani niliona aibu. Programu ya kusakinisha isiyouliza maswali mengi niliiona kama mgeni asiyesalimia. Niliuliza lugha, wakati flashi nzima ni ya Kiswahili. Niliuliza aina ya kibodi. Niliuliza ukubwa wa patisheni ya swap, kipande cha diski cha kuisaidia RAM. Siku moja nilimsimamia mwalimu wa Fizikia akipita kwenye maswali hayo, na kila alipofika kwenye swali asilolijua aligeuka kunitazama, mimi nikamwambia jibu, akabonyeza. Mara kumi. Maana yake majibu kumi nilikuwa nayo mimi tayari na nilikuwa namsumbua bure. Nikayafuta jioni ileile. Yakabaki manne: diski, jina la kompyuta, nenosiri la mwalimu, na saa.

Sasa hilo la diski.

Toleo langu la kwanza kwenda shuleni lilikuwa na kioo hiki, nakinukuu kilivyokuwa (/dev/sda ni jina ambalo Linux huipa diski):

Diski ifuatayo itafutwa: /dev/sda
Huna data muhimu ndani yake?
<Ndiyo>      <Hapana>

Kisome tena taratibu. Mimi nilikisoma mara mia na sikuona kitu.

Mwalimu wa taaluma wa shule moja, mama wa makamo, mwalimu wa Kiswahili kwa fani, aliingiza flashi kwenye kompyuta ya ofisi badala ya zile za maabara. Humo mlikuwa na matokeo ya mtihani wa moko wa kidato cha nne, miaka mitatu, karatasi za Excel. Alinipigia saa kumi jioni. Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mwanangu, ile programu yako imetafuta diski, ikaipata. Lakini matokeo yangu siyaoni."

Imetafuta. Nikatazama kioo kwenye mashine yangu, nikahisi tumbo linashuka. Diski itafutwa. Kwa sarufi sikukosea: i-ta-futwa, itapatwa na kufutwa. Ingekuwa ya kutafutwa ningeandika itatafutwa. Lakini nani anahesabu "ta" baada ya vipindi sita na rundo la madaftari ya kusahihisha? Jicho linaona t-a-f-u-t, linachukua neno inalolijua zaidi, na watu wanatafuta vitu kila siku kuliko wanavyovifuta. Kwenye sentensi ile ile, maana mbili zilizotengana kama mbingu na ardhi zimetenganishwa na silabi moja. Na mimi, mzaliwa wa lugha hii, ndiye niliyeichagua.

Mstari wa pili ulikuwa mbaya zaidi. "Huna data muhimu ndani yake?" Kiswahili cha nyumbani kwetu, mtu akikuuliza "Hujala?" ukajibu "Ndiyo", maana yake ndiyo, sijala, umekubaliana na alichosema. Ndivyo nilivyokusudia: huna data? Ndiyo, sina, endelea. Yeye alijibu "Ndiyo" akimaanisha ndiyo, ninazo, zitunze. Baadaye nilizunguka kazini wakati wa chakula cha mchana nikiwauliza watu "Hujala?" bila kuwaeleza kwa nini. Nilipata ndiyo zilizoshiba na ndiyo zenye njaa, na hapana za aina zote mbili. Ana kwa ana hilo halina shida, kwa kuwa mtu hajibu neno moja. Husema "ndiyo, bado" au "aa, nimeshakula". Kitufe hakina pa kumalizia sentensi.

Nilipanda basi kesho yake. Bahati yetu ilikuwa diski ya kizamani ya sahani, ya giga 250, na mfumo wangu ulikuwa umelalia sehemu ndogo tu ya mwanzo. Tulitumia PhotoRec, ambayo inaokota mafaili kwa kutambua maumbile yake, lakini majina haiyapati. Tukapata mamia ya mafaili yanayoitwa f na tarakimu nyingi. Tulikaa ofisini kwake tukiyafungua moja moja, yeye akisema "hilo la mwaka juzi", "hilo si langu", "hilo ni la harusi ya mtoto wa mkuu". Mengi tulipata. Mwaka mmoja haukupatikana wote, akauingiza upya kutoka kwenye karatasi.

Katika kuchunguza kosa hilo nikagundua jingine lililokuwa limelala. Maboksi yale nayachora kwa whiptail, programu ndogo inayokuja na Debian. Mtu akikubali inarudisha sifuri, akikataa inarudisha moja, na akibonyeza Esc inarudisha 255. Skripti yangu ilikuwa inaangalia kama jibu ni moja. Kama ni moja, simama, vinginevyo endelea. Kwa hiyo kwa miezi yote ile, mtu aliyeogopa akabonyeza Esc ili akimbie, alikuwa anasema ndiyo. Hakuna aliyewahi kunilalamikia kwa hilo, na sijui kama nishukuru au nihuzunike.

Kioo hicho nimekiandika upya mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya programu. Ndiyo na Hapana zimeondoka. Whiptail inakuruhusu kubadilisha maneno ya vitufe, basi kimoja kinasema "Futa vyote" na kingine "Rudi nyuma", na mwekundu unaanzia kwenye "Rudi nyuma". Kuna wakati nilijaribu njia ya OpenBSD, kujibu kwa herufi moja, na hapo nikakutana na kichekesho kingine: watu waliozoea kompyuta za Kiingereza wanajua y ni kukubali na n ni kukataa. Kwa Kiswahili n ni Ndiyo. Yaani herufi ambayo fundi mzoefu ataibonyeza kwa haraka ili kuzuia balaa ndiyo herufi itakayolianzisha. Herufi moja moja nimeziacha kabisa. Sasa baada ya kitufe, mtu anaandika neno FUTA kwa mkono wake. Toleo la kwanza lilikataa "futa" ya herufi ndogo, nikapigiwa simu nne ndani ya wiki moja. Sasa linakubali zote.

Na /dev/sda imekwenda zake. Kwanza haina uaminifu: Linux haikuahidi kwamba diski iliyokuwa sda jana itakuwa sda leo, na ukiwasha kwa flashi kuna mashine ambazo flashi yenyewe ndiyo inajiita sda. Pili, hakuna mwalimu anayeijua. Anachokijua ni folda zake. Kwa hiyo skripti inaifungua kila diski kwa kusoma tu, bila kugusa, inachungulia, halafu inaandika inachokiona: "Diski ya ndani, GB 250, ina Windows. Folda zilizomo: Matokeo Moko, Picha za Mahafali, Ratiba." Mtu akiona Picha za Mahafali mkono unasimama wenyewe. Flashi tuliyowashia haionekani kwenye orodha. Kazi hiyo ilinichukua wiki mbili na kwenye kioo inachukua mistari mitatu.

Mistari yenyewe ni ya kugombania. Kioo cha maandishi kimerithi vipimo vya vituo vya zamani, vile vya kioo na kibodi vilivyounganishwa na kompyuta kubwa, herufi 80 kwa mistari 24, kama VT100 ya mwaka 1978, na Kiswahili hakikufikiriwa kwenye hesabu hizo. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli, vyote kwenye neno moja. "Vilivyohifadhiwa" peke yake ni herufi kumi na sita. Nimejifunza kuandika kama anayetuma telegramu enzi zile, unalipia kila neno, na ajabu ni kwamba maandishi yamekuwa bora.

Swali la saa nilidhani ni la mtelezo. Betri ndogo ya kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ya mashine hizi huwa imekufa, ukizima usiku asubuhi inaamka ikidhani ni mwaka 2009. Tarehe ikiwa nyuma hivyo, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana bado havijaanza kutumika, na kila kitu cha intaneti kinagoma bila maelezo ya maana. Basi nikauliza: Sasa hivi ni saa ngapi? Mwalimu akatazama ukutani, saa tatu na robo asubuhi, akaandika 3:15. Sahihi kabisa. Kompyuta ikaamini ni usiku wa manane.

Nikaweka kanuni ya kuongeza sita. Ilifanya vizuri asubuhi na mchana, mpaka mtu mmoja mwenye bidii akasakinisha saa tisa usiku na kompyuta ikapata 15:00, yaani saa tisa alasiri. Sasa ni menyu mbili: saa ngapi, halafu asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku, na hesabu naifanya mimi. Kuhusu tarehe ya usiku wa kuamkia Jumanne sikugusa; hapo hata wazee hawakubaliani. Eneo la saa nimeacha Africa/Dar_es_Salaam, ingawa kwenye hifadhidata ya majira jina hilo siku hizi ni kiungo tu cha kwenda Africa/Nairobi. Matokeo ni yaleyale, lakini sitaki kumweleza afisa elimu kwa nini kompyuta za serikali zinafuata saa za Kenya.

Kilichobaki ni kusubiri. Mstari wa maendeleo ulikuwa unafika asilimia 100 halafu kimya, dakika tano, sita. Mafaili yalikuwa yameshaondoka mikononi mwangu lakini mengi bado yako kwenye RAM, yakisubiri kumwagwa kwenye diski ya polepole. Watu waliona mia, wakazima. Siku hizi mia haitokei mpaka diski ithibitishe imepokea, na chini yake kuna idadi ya mafaili inayobadilika, ili mtu aone kuna kinachoendelea. GRUB, ambayo ndiyo inauamsha mfumo, naiweka mwisho kabisa. Umeme ukikatika katikati, na utakatika, mashine haiamki nusu nusu ikamdanganya mtu. Inakataa, unarudisha flashi, na kisakinishi kinajua kwamba kazi iliishia njiani.

Mwezi uliopita nilichapisha vioo vyote kwenye karatasi, kioo kimoja ukurasa mmoja, nikampelekea yule mama. Nilijua atavishika kama insha za kidato cha pili, na ndivyo alivyofanya, kalamu nyekundu mkononi. "Itafutwa" nilikuwa nimeshaiondoa, nilikuwa nimeandika "Data zilizomo zitaondolewa." Akakata. Juu yake akaandika: "Vitu vyote vilivyomo vitapotea, havirudi." Kwenye "Tafadhali" akapiga duara, tisa zote. "Umenibembeleza kuanzia mlangoni," akasema, "sasa tukifika penye hatari unaniambia kwa sauti ileile." Zikabaki mbili. "Mfumo endeshi" akaweka alama ya kuuliza pembeni, tukajadiliana, ikabaki kwa shingo upande.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na ile pongezi niliyoiiba OpenBSD. HONGERA! Mfumo umesakinishwa kikamilifu. Bonyeza Enter ili kuwasha upya. Akautazama kwa muda.

"Nikibonyeza Enter na flashi bado iko ndani, kinatokea nini?"

"Inarudi mwanzo, mwalimu. Kisakinishi kinaanza tena."

Akakata HONGERA kwa mstari mmoja mnyoofu, akaandika chini yake: Chomoa flashi kwanza.